Je, Wajua? Sala, Mafuta na Dawa Kitandani pa Mgonjwa

Jioni, saa ya kuona wagonjwa inapofika na lango la hospitali kufunguliwa, kina mama wa jumuiya huingia wodini na chupa ya chai iliyojaa uji na kitabu cha sala kilichozungushiwa leso. Uji hutangulia, maana mgonjwa haulizwi uji. Kisha vichwa vinainama, mkono mmoja unawekwa begani pa mgonjwa, na sala inaanza kwa sauti ya chini ili kitanda cha jirani kisisumbuke. Muuguzi akitokea na trei ya dawa, husimama kidogo hadi aisikie "amina", ndipo anaikagua dripu.

Mandhari hayo tumeyazoea mno hata hatuyatazami tena. Lakini ndani yake imo historia ya miaka elfu mbili na zaidi. Wapo wanaotuambia leo kwamba mwenye imani hana haja ya daktari, na wapo wanaosema kwamba mwenye daktari hana haja ya sala. Mambo 13 yafuatayo yanaonyesha Ukristo wenyewe umesema nini, na umetenda nini, kando ya kitanda cha mgonjwa.

1. "Kupona" ni neno lenye maana mbili, na Kigiriki nacho ni hivyo hivyo

Tunasema "amepona malaria", na tunasema pia "basi lilipinduka, akapona chupuchupu". Neno ni moja, nalo linabeba kutoka katika ugonjwa na kutoka katika hatari. Kigiriki kilichotumika kuandika Agano Jipya kina neno la namna hiyo: *sozo*, yaani kuokoa, na yaani pia kuponya. Wafasiri wa lugha nyingi hulazimika kuchagua moja kati ya maana hizo mbili. Msomaji wa Kiswahili huzipata zote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo tangu mwanzo kumwombea mgonjwa hakukuwa kuomba homa ishuke tu. Kulikuwa kumwombea mtu mzima, mwili wake, hofu yake na roho yake.

2. Mfalme aliomba, nabii akaagiza tini

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, kinasimulia ugonjwa wa Hezekia, mfalme wa Yuda. Nabii Isaya alimjia na habari mbaya: tengeneza mambo ya nyumba yako, kwani hutapona. Hezekia akageuza uso ukutani, akaomba, akalia. Isaya hajatoka hata uani, akarudishwa na ujumbe mpya: sala imesikiwa, na mfalme ameongezewa miaka 15.

Watu wengi huishia hapo wanapohubiri. Lakini mistari michache mbele, Isaya huyo huyo anaagiza tini zilizoshindiliwa, nazo zinabandikwa kwenye jipu la mfalme. Ahadi ya Mungu ilikwisha kutolewa, na bado dawa ya kubandika ilitumika. Hakuna aliyeona kwamba tini zile zilimpunguzia mfalme imani.

3. Mafuta ya Yakobo yalikuwa pia dawa ya nyumbani

Waraka wa Yakobo, sura ya 5, ndio msingi wa maombezi kwa wagonjwa katika makanisa karibu yote: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Zingatia mambo mawili. Kwanza, mgonjwa ndiye anayeita. Wazee wanakwenda kwake. Hajaambiwa abebwe juani kufuata mkutano.

Pili, mafuta ya zeituni yalikuwa dawa ya kawaida ya siku zile. Katika mfano wa Msamaria Mwema, majeraha ya yule mtu aliyepigwa njiani yalimiminiwa mafuta na divai. Injili ya Marko, sura ya 6, inaeleza kwamba wale Thenashara waliwapaka wagonjwa mafuta wakawaponya. Mkono uliokuwa ukiomba ulishika pia kitu cha kutibu.

4. Biblia ina sura inayosifu madaktari

Katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi kimo kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichoandikwa katika karne ya pili kabla ya Kristo. Sura yake ya 38 inataka tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na inasema dawa zimetolewa ardhini na Mungu mwenyewe. Mgonjwa anaelekezwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Sura hiyo inaongeza kwamba tabibu naye humwomba Mungu amjalie kuutambua ugonjwa vizuri.

Katika kitabu cha Tobiti, malaika anayeletwa kumponya kipofu anaitwa Rafaeli, jina la Kiebrania lenye maana ya "Mungu huponya". Rafaeli huyo aliagiza nyongo ya samaki ipakwe machoni. Malaika alikuja na maelekezo ya dawa.

5. Paulo aliomba mara tatu, na jibu halikuwa uponyaji

Mtume Paulo, ambaye Matendo ya Mitume inasema hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa, alikuwa na mateso yake mwenyewe aliyoyaita mwiba katika mwili. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, aliahidiwa neema ya kuubeba. Mwenzake Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, aliyesumbuliwa na tumbo na maradhi ya mara kwa mara, alishauriwa atumie divai kidogo. Na miongoni mwa waliokuwa na Paulo alikuwamo Luka, ambaye Waraka kwa Wakolosai unamtaja kuwa tabibu.

Haya yamsaidie kila aliyewahi kuambiwa, "Hujapona kwa sababu imani yako ni ndogo." Nani atamwambia Paulo hivyo?

6. Waombaji ndio waliojenga hospitali

Karibu na mwaka 370, Askofu Basili wa Kaisaria, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alijenga nje ya mji makao makubwa ya maskini, wageni na wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma ambao watu waliwakimbia. Mahali pale palikuwa na madaktari na wauguzi. Wanahistoria wengi wanapahesabu kuwa miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa duniani. Basili alikuwa mmonaki, mtu wa kusali usiku na mchana, na hakuona ajabu kumwajiri daktari.

Neno "hospitali" lenyewe linatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mgeni. Mgonjwa alipokewa kama anavyopokewa mgeni nyumbani.

7. Kichupa chenye herufi mbili

Ukimwona padri akifika kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu, tazama mkononi mwake. Hushika kichupa kidogo cha chuma, mara nyingi kidogo kuliko kidole gumba, chenye herufi OI: kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "mafuta ya wagonjwa". Ndani huwa na pamba iliyolowa mafuta yaliyobarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, siku za Juma Kuu. Padri humwekea mgonjwa mikono kichwani kimya, kisha humpaka mafuta kwenye paji la uso na katika viganja.

Kwa muda mrefu sakramenti hiyo iliitwa Mpako wa Mwisho, na ndugu waliogopa kumwita padri, wakidhani kumwita ni sawa na kuagiza jeneza. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alirekebisha utaratibu wake, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufundisha kwamba mpako si wa wanaokata roho peke yao. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kupakwa, na mzee aliyedhoofu pia. Papa aliruhusu vilevile mafuta mengine ya mimea pale yasipopatikana ya zeituni. Kwa hiyo mafuta ya alizeti au ya ufuta ya kwetu yana nafasi altareni.

8. Luther, tauni na hekima ya mwaka 1527

Tauni ilipoingia Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1527, wengi walikimbia. Martin Luther na mkewe Katharina walibaki, na nyumba yao ikageuka mahali pa kutunzia wagonjwa. Mwaka huo alijibu kwa barua swali la wachungaji wenzake: je, Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni?

Alieleza atakavyofanya yeye. Atamwomba Mungu awalinde, kisha atafukiza nyumba, atasafisha hewa, atatoa dawa na kuinywa, na ataepuka mahali na watu wasiomhitaji ili asije akaambukiza wengine. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda. Anayedharau dawa na tahadhari, alisema, hamtegemei Mungu bali anamjaribu. Waliosoma barua hiyo wakati wa korona waliona kama imeandikwa juzi.

9. Lourdes: daktari ndiye anayeulizwa kwanza

Tarehe 11 Februari 1858, katika mji mdogo wa Lourdes, Ufaransa, binti wa miaka 14 aitwaye Bernadette Soubirous alisema amemwona Bibi katika pango. Tangu hapo mamilioni ya wagonjwa wamekwenda kusali na kuoga maji ya chemchemi ile. Kinachojulikana kidogo ni kwamba tangu mwaka 1883 pana ofisi ya madaktari inayochunguza kila anayedai amepona, na daktari yeyote aliyepo Lourdes, awe na dini au asiwe nayo, anaweza kushiriki. Huangalia kama ugonjwa ulikuwa mzito kweli, kama kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na kama hakuna tiba inayoweza kukueleza. Madai yaliyoandikishwa yanapita 7,000. Hadi mwaka 2018, Kanisa lilikuwa limetangaza 70 tu kuwa miujiza.

Na Bernadette mwenyewe? Aliugua karibu maisha yake yote, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Tarehe ile ya 11 Februari ndiyo leo Siku ya Wagonjwa Duniani katika Kanisa Katoliki, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992.

10. Tauni ya Rubaga na mama wa huruma wa Nyeri

Ili mtu atangazwe mtakatifu, Kanisa Katoliki kwa kawaida hudai muujiza uliochunguzwa, na mara nyingi muujiza huo ni uponyaji. Kwa Mashahidi 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, uponyaji uliotajwa ulitokea Rubaga mwaka 1941, pale masista wawili wamisionari walioshikwa na tauni walipopona baada ya kuombewa kwa maombezi ya mashahidi hao.

Ugonjwa huo huo wa tauni unatokea katika maisha ya Sista Irene Stefani, lakini kwa upande mwingine kabisa. Muitaliano huyu wa Shirika la Konsolata aliwahudumia wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa "Carrier Corps" walioliachia jina eneo la Kariakoo. Alitumikia Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930, huko Gikondi, alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa. Alitangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Wawili wa tauni waliponywa, mwingine wa tauni alikufa akimtunza jirani, na Kanisa limeiona neema kwa wote.

11. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia hospitalini

Balokole, yaani "waliookoka", waliochochea uamsho kutoka Rwanda na Uganda hadi Burundi, Kenya na Tanzania, wana mizizi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Joe Church, daktari Mwingereza wa Kianglikana aliyefanya kazi hapo, alikutana Kampala mwaka 1929 na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ile ile ya kiroho. Wakasoma Biblia na kusali pamoja, na moto ukawaka Gahini miaka ya 1930.

Tazama pia ramani yetu ya afya. Mengo, Kampala, ilianzishwa na daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897. Kijabe, Kenya, ilianza mwaka 1915. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa na taasisi yenye jina la Msamaria Mwema, na Bugando ya Mwanza ni kazi ya Kanisa Katoliki. Wilaya kadhaa za Tanzania hazikuwa na hospitali ya serikali, ikateuliwa ya kanisa: ndiyo tunayoiita hospitali teule. Kama sala ingekuwa adui wa dawa, nusu ya babu zetu wangetibiwa wapi?

12. Waponyaji wetu, na majonzi yetu

Aprili 1921, karibu na kijiji cha Nkamba katika Kongo ya Wabelgiji, Simon Kimbangu alimwekea mikono mwanamke mgonjwa akamwombea, na habari za kupona kwake zikaenea. Umati ulimiminika. Serikali ya kikoloni iliogopa, ikamkamata Septemba mwaka huo na kumhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Kwetu Tanzania, Waanglikana wanamkumbuka Edmund John, mlei aliyekuwa ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, na huduma yake ya maombezi iliyovuta watu wengi mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 1975.

Lakini historia hiyo hiyo ina kumbukumbu za uchungu. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500, nacho kilichemshwa kwa mizizi ya mugariga, mti ambao mchungaji alisema alioteshwa na Mungu. Foleni ya magari ilinyooka kwa kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliokata roho kabla ya kufika. Haikuwahi kuthibitishwa kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI au kisukari. Na tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Yakobo aliandika kwamba mafuta yaende kwa mgonjwa. Hakuandika kwamba mgonjwa ayakimbilie.

13. Wanasayansi wamejaribu kuipima sala

Mwaka 1872 Mwingereza Francis Galton alihesabu umri wa wafalme, akisema hao ndio wanaoombewa maisha marefu kuliko wote, na hakukuta kwamba waliishi zaidi ya wengine. Utafiti mkubwa zaidi ulitolewa Marekani mwaka 2006 na kundi la Dakta Herbert Benson: wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Waombaji wasiowajua walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya ukoo wake, wakamwombea kwa siku 14.

Miongoni mwa waliokuwa hawajui kama wanaombewa, walioombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52, na wasioombewa asilimia 51. Ni kama sawa. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59, labda, baadhi ya watafiti walikisia, kwa sababu ya wasiwasi: kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hiki?

Mwenye imani asiogope tarakimu hizo, wala asizifiche. Sala si kidonge cha kupimwa kwa miligramu. Ni mazungumzo na Baba, na Baba ana uhuru wa kujibu apendavyo. Tena, utafiti ule ulihusu mgeni kumwombea mgeni kwa mbali. Haukupima mama wa jumuiya anayekaa kitandani, anayeshika mkono, anayegundua kwamba mgonjwa hajala tangu asubuhi, na anayetoka kwenda kumwita muuguzi.

Neno kwako, msomaji

Mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, akiwa kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kufanya hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Yeye hakuficha. Aliendelea kuhubiri, kusali na kutumia dawa, naye amewafundisha wengi kwamba mambo hayo matatu hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Basi, ukienda kumwona mgonjwa wiki hii, mwombee. Sala iwe fupi, kwa sauti ya chini, na umtaje kwa jina lake. Ukishasema amina, muulize kama amekunywa dawa zake na lini anarudi kliniki, na kama hana nauli, changeni. Usimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Na ukimsikia mtu yeyote, hata awe na jina kubwa kiasi gani, akimwagiza mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, mfungulie Wafalme wa Pili, sura ya 20, umsomee habari za zile tini.